Majani ya Chini ya Bahari

Mpimaji hakuiamini hata sukari ya nyumbani kwake. Aliiweka katika chupa ya kioo, akabandika ubavuni kipande cha karatasi, na kila alipochota alichora mstari mdogo wa penseli mahali sukari ilipoishia. Asubuhi alianza kwa kutazama mstari kabla hajasalimiana na mtu. Ukimpa shikamoo alijibu marahaba, kisha akakuuliza umetoka wapi, umepita kwa nani, na huyo uliyepita kwake alikuwa anafanya nini. Nilikuwa namjibu kwa mkato. Na mimi, kusema kweli, sikumwamini.

Hivyo ndivyo tulivyoishi hapa mtaa wa Mtendeni, Tabora, yeye katika nyumba ya mlango wa bluu, mimi na karakana yangu ya useremala upande wa pili wa barabara, tukichunguzana kwa zaidi ya miaka ishirini. Sasa hayupo, na watu wanamsifu kama wanavyomsifu yeyote akishazikwa. Mimi nitamsema alivyokuwa, pamoja na nililomfanyia, maana nikilificha hilo nitakuwa nimesema nusu ya habari zake tu.

Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu pa kuchimba visima. Alikuwa ameajiriwa serikalini, akastaafu, lakini watu waliendelea kumwita. Alikuja na fimbo, mkoba wa turubai, na lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni kwa uzi mweusi. Alizunguka kiwanja kimyakimya, akiinama, akitia udongo kidogo ulimini na kuutema. Uchimbaji ulipoanza alikuwa na masharti. Kila ndoo ya udongo iliyotoka shimoni ilimwagwa peke yake, lundo baada ya lundo, kwa mstari mmoja, na lundo la kwanza lilikuwa upande wa kaskazini siku zote. Mtu akikanyaga mstari ule alifukuzwa kiwanjani hata kama kiwanja ni chake. Wachimbaji walimwona ana kichaa kidogo. Mimi niliona anaficha kitu, kwa sababu mtu asiye na la kuficha hana haja ya kupanga udongo.

Watu wengi walikuwa na mawazo kama yangu. Mji huu umejaa hadithi za mali zilizofukiwa: pembe za tembo za Waarabu wa misafara, rupia za Mjerumani, dhahabu ya sijui nani. Mtu akionekana anachungulia ardhi kwa lenzi, mtaa mzima unajua anatafuta nini. Mara moja, mtaa wa Cheyo, karibu na ile njia ya zamani ya kwenda Ujiji, shimo lilipofika kifuani mwa mchimbaji yakatoka majivu, vigae vya chungu, na shanga za bluu kama kiganja kimoja. Mpimaji alisimamisha kazi, akapiga magoti, akakaa pale hata jua likamhama. Akasema msafara ulilala hapa, wapagazi waliwasha moto wakala, na tangu siku ile udongo huu umekuwa ukipanda kidogo kidogo juu ya majivu yao. Mwenye kiwanja alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba kuukagua mkoba wake.

Mpimaji aliumwagia chini mkoba wote. Ndani mlikuwa na penseli, kipande cha muhogo wa kuchemsha na tasbihi. Tangu hapo, kila alipomaliza kazi ya mtu, hakungoja kuombwa. Aliugeuza mkoba juu chini mbele ya mwenye nyumba, akaukung'uta, ndipo akaaga. Wengine iliwaumiza kuona mzee anajivua nguo namna ile. Mimi nilijiuliza kwa nini hageuzi na mifuko ya koti.

Kwa vitu alikuwa mchoyo wa kutisha, lakini udongo wa mtu aliusoma bure, na maskini aliwapimia kabla ya matajiri. Alidharau waganga, ila hakuanza kisima siku ya Jumatano na hakusema kwa nini. Alisema watu wote ni waongo, ila tope halijui kusema uongo, kwa sababu lililolala kwanza limelala chini. Neno hilo alilirudia mpaka likatuchosha. Alikuwa na jingine, kikulacho ki nguoni mwako, na hilo alilisema akimtazama dada yake.

Dada yake sote tulimwita Shangazi. Alikuwa mjane, alikuja kumtunza baada ya kustaafu, akampikia, akamfulia, akavumilia mistari ya sukari. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na chumba kimoja alichokatazwa kuingia. Alifagia ukumbi mpaka kizingitini kwake, akageuza ufagio. Ufunguo Mpimaji aliuvaa kiunoni kwa kamba, chini ya shuka, usiku na mchana.

Ndani ya chumba hicho kulikuwa na bomba.

Habari ya bomba lazima ianze na bahari. Ujanani Mpimaji alipelekwa Urusi kusomea miamba, na huko, kwa maneno yake, akapandishwa meli iliyokwenda juu kabisa ya dunia, kwenye bahari inayoganda. Walikuwa wakishindilia mabomba katika sakafu ya bahari na kuyatoa yakiwa yamejaa tope, ili wasome lile tope kama alivyokuja kusoma visima vyetu. Katika maisha yake yote alitaka jambo moja tu kutoka kwa watu wa Tabora, waamini kwamba aliiona bahari ile na kwamba chini yake kulikuwa na kile alichokiona. Hakulipata.

Jioni, kwenye baraza la kahawa, alikuwa akisimulia. Akasema karibu na pwani ile bahari ina kina kifupi, visima vingi vya hapa mjini vinaizidi, na unaweza kusafiri siku nzima kutoka nchi kavu usikute kilindi. Akasema udongo wa chini ya maji umeganda kama nyama ya friji, na mapovu ya hewa yanapenya kutoka humo. Akasema barafu inalima sakafu ya bahari, inaacha matuta na mifereji. Hapo muuza kahawa, ambaye hakumwachia mtu neno, alimwuliza barafu inayoelea kwenye glasi ya juisi inalimaje chini. Mpimaji akaagiza sufuria pana, akamwaga mchanga, akatia maji ya vidole vitatu, akaomba pande la barafu kwa muuza juisi. Akaliburuta. Pande lilikuwa kubwa kuliko kina cha maji, likachimba mfereji mzuri kabisa kwenye mchanga. Sote tuliinama kutazama.

"Hiyo ni sufuria," akasema muuza kahawa, na baraza lote likacheka.

Lililotushinda kabisa lilikuwa la majani. Mpimaji alisema chini ya matope yote ya bahari ile kuna nyasi. Kwamba zamani palikuwa mbuga, wanyama wakubwa kama tembo, wenye manyoya marefu, walilisha pale, kisha maji yakapanda polepole yakaifunika, na tope la bahari likaanza kulala juu ya malisho. Nyasi bado zipo, na mizizi yake, chini kabisa. Watu wakasema njia ya mwongo fupi, huyu mzee alifika Dar es Salaam akarudi. Nami nilikuwa miongoni mwao. Hakuwa na picha hata moja. Kirusi chake nilikisikia mara moja tu, alipojigonga kidole kwa nyundo yangu, na maneno ya mtu aliyejigonga kidole hayathibitishi kitu.

Alichokuwa nacho ni lile bomba. Lilikuwa la bati jepesi, urefu wake mkono na nusu, limezibwa ncha zote mbili kwa vizibo vya mpira na kupigwa nta. Ncha moja ilipakwa rangi nyekundu. Hiyo, alisema, ndiyo juu, upande uliotazama maji. Walimu wake walimpa siku anaondoka. Hakuwahi kulifungua. Alikuwa akingoja aje mtu anayejua kusoma, alifungue mbele yake na mbele yetu sote, tuone nyasi zinatoka mwisho.

Mwaka mmoja akaniagiza sanduku la kulihifadhi. Nikalitengeneza kwa mbao za mninga, kifuniko cha bawaba, na mahali pa kufuli. Siku ya kulijaribia alilileta bomba mwenyewe, amelikumbatia, akaketi karakanani kwangu kutwa nzima akinitazama mikono. Adhuhuri ilipoadhiniwa alilaza bomba ndani ya sanduku, akafunga kufuli lake, akalivuta mara tatu. Akaniuliza kama siendi msikitini. Nikamwambia kuna mbao nimezipaka gundi, nitaswali zikishashika. Akaenda.

Kufuli sikuligusa. Sanduku nimelitengeneza mimi, na bawaba nimezifunga mimi. Nilifungua skrubu nne za bawaba kwa nyuma, kifuniko kikainuka na kufuli lake likining'inia. Nilishaamini kwa miaka kwamba ndani ya bomba mna dhahabu aliyoichukua kwenye mashimo ya watu, na hadithi ya bahari ni kifuniko tu. Nikapasha kisu moto, nikalegeza nta ya ncha isiyo na rangi, nikachomoa kizibo, nikainamisha bomba juu ya benchi.

Likatoka donge kavu, jeusi, lililojaa nyasi. Nyasi kabisa, zimelaliana, na mizizi myembamba kama uzi. Nyuma yake yakafuata madonge mengine, la mchanga, la kijivu, la kijivu tena, na mwisho la kahawia laini. Yalikuwa yamekauka na kukatikakatika. Dhahabu haikuwemo. Nilisimama mbele ya tope lile nikiona aibu, na badala ya aibu kunifundisha adabu ilinitia haraka.

Kosa nililolifanya hapo angeweza kulifanya mtu yeyote wa Tabora, maana hapa kwetu nyasi ziko juu, hata mtoto anajua. Niliona kwa macho yangu kwamba nyasi zimetoka upande wa chini, lakini nikajiambia macho yamenidanganya, labda bomba nimelishika vibaya, nani amewahi kuona nyasi zikiota chini ya tope? Nikalitia donge la nyasi kwanza, nikalisukuma mpaka kwenye ncha nyekundu, na mengine nikayapanga nyuma yake. Nikayeyusha nta, nikaziba, nikakaza skrubu. Aliporudi kutoka kuswali alivuta kufuli mara tatu, akaridhika. Niliona hata nimemsaidia.

Miaka mitatu iliyopita akaja mhadhiri wa miamba, mama wa makamo, mpole, aliyetumwa kukagua visima vya mkoa. Alipomsikia Mpimaji akizungumzia ile bahari, hakucheka. Alimwuliza maswali ya mtu anayejua, kisha akaomba kuliona bomba. Sijawahi kumwona Mpimaji vile. Alipita nyumba kwa nyumba kutualika. Alivaa kanzu mpya. Shangazi akakaanga vitumbua. Tulijaa ukumbini, muuza kahawa mbele kabisa, na mimi karibu na mlango nikitoka jasho, nikijipa moyo kwamba nilipanga vizuri.

Mhadhiri alitandika shuka jeupe, akakata nta ya ncha nyekundu, akayatoa madonge moja moja kwa utaratibu. La kwanza kutoka lilikuwa la nyasi.

Mpimaji alinyanyuka kwenye kiti. Mhadhiri alimwuliza kama ana hakika nyekundu ndiyo juu. Akasema ana hakika kama ya jina lake. Yule mama akayatazama madonge kwa muda mrefu, na aliposema alichagua maneno. "Mzee wangu, kwa mpangilio huu nyasi ziko juu na tope liko chini. Kitu kama hiki naweza kukikuta hata kwenye bwawa lililokauka. Siwezi kusema kimetoka chini ya bahari."

Hakuna aliyecheka, na nafikiri afadhali tungecheka. Muuza kahawa alikohoa. Mpimaji aligeuka polepole akamtazama dada yake aliyeshika sinia. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

Alijenga kesi yake kama alivyosoma udongo, hatua kwa hatua. Kwa fundi, bomba lilikuwa chini ya kufuli, na kufuli hakulikuta limeguswa. Nyumbani, anapooga, ufunguo huutundika kwenye msumari. Nyumbani kuna mtu mmoja tu. Akaacha kula chakula cha Shangazi. Akanunua mkate, akautia alama. Haikupita wiki, Shangazi akafunga mzigo kwenda kwa mwanawe, kijijini Lusu. Alingojea bajaji ya kumpeleka stendi mbele ya karakana yangu, macho yamemvimba, akaniambia, "Fundi, mimi chumba kile hata harufu yake siijui." Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwamba ukweli utajulikana tu. Nikampakilia mzigo wake.

Vijana wakaanza kumwita Mpimaji baharia. Aliacha kuja barazani, aliacha kupima visima. Mara nyingi nilivuka barabara nimeazimia kumwambia, nikafika kwenye mlango wa bluu, nikamwuliza kama anahitaji chochote dukani. Alinitazama kwa jicho lilelile la kumtilia shaka kila mtu, na kwa kuwa alimtazama hivyo kila mtu, sikujua kama ananishuku mimi hasa.

Miaka miwili ikapita hivyo. Alasiri moja akaniita. Alikuwa amedhoofu, amekaa kitandani, na mlango wa kile chumba ulikuwa wazi. Sanduku lilikuwa mbele yake, madonge yamepangwa juu ya shuka lilelile jeupe. Alisema tangu siku ya aibu hakuwa na moyo wa kuyatazama, ila wiki ile, kwa kuwa hana siku nyingi, aliyafungua ayaage. Akanipa lenzi. Akanionyesha pa kutazama, upande wa chini wa kila donge.

Kulikuwa na vumbi jekundu, laini. Nililijua kabla ya lenzi kutulia. Limo kwenye nywele zangu mpaka leo.

"Mninga," akasema. "Bahari ile haina mninga." Kisha akageuza sanduku, akaweka kidole kwenye skrubu za nyuma, zilizokwaruzwa na bisibisi. "Miaka yote nilitazama kufuli."

Nilipiga magoti, nikakiri. Hakunitukana. Alinisaili.

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Dhahabu, mzee."

"Ukakuta nini?"

"Nyasi."

"Zilitoka upande gani? Usinijibu haraka."

"Upande usio na rangi. Ndizo zilizotangulia kutoka. Mimi ndiye niliyezipeleka juu, niliona nyasi haziwezi kukaa chini."

Alifumba macho. Akanitaka nirudie, nikarudia, akanitaka tena. Mara ya tatu machozi yalikuwa yanamtoka, na nikaelewa ninachomwambia. Katika Tabora nzima nilikuwa mtu pekee aliyeyaona madonge yale yakiwa kama yalivyotoka baharini. Mwizi wake ndiye aliyekuwa shahidi wake. Aliniambia nitoe penseli ya kazi, niandike ndani ya kifuniko nilichokiona, niweke na jina. Niliandika. Kisha nikayarudisha madonge bombani, nyasi chini, kahawia juu, na nilipotaka kupangusa lile vumbi jekundu akanishika mkono.

"Hilo liache. Atakayesoma ajue bomba lilipatwa na nini."

Nilikwenda barazani jioni ileile nikasema yote mbele ya watu. Muuza kahawa alinisikiliza, akanimiminia kikombe, akaniuliza mzee ameniahidi nini. Wengine walitikisa kichwa. Sikuwalaumu, ningekuwa mimi ningeuliza hivyohivyo.

Kabla sijatoka kwake alasiri ile, Mpimaji alikuwa amefungua kamba kiunoni. Iliacha alama kwenye ngozi. Akaniwekea ufunguo mkononi, akasema nimpelekee dada yake huko Lusu, maana yeye hana uso wa kumtazama. Nilimwuliza kwa nini mimi. Akasema Shangazi hatamwamini mwingine. Na nilipofika mlangoni akaniita, akasema kwa sauti yake ya zamani, "Nitajua kama umefungua."

Nilimkuta Shangazi uani kwa mwanawe, anapepeta mpunga. Nilimpa shikamoo, na kabla sijakaribishwa kiti nikamweleza, tangu skrubu mpaka vumbi. Hakuacha kupepeta. Nikamnyoshea ufunguo.

"Amekupa wewe uulete," akasema.

"Mimi."

"Wewe uliyefungua."

"Ndiyo, Shangazi."

Aliupokea, akaufunga kwenye pindo la khanga, akakaza fundo kwa meno. Nilingoja matusi, nilikuwa nimeyataka njia nzima. Akaniuliza habari ya nyasi.

"Zilikuwa chini," nikamwambia. "Chini kabisa, kama alivyosema."

Ungo ulitulia mapajani mwake. Akatoa makapi machache kwa kidole.

"Usiku mmoja aliniuliza kama na mimi simwamini," akasema. "Nikamwambia mdogo wangu, lala, utu uzima huu usiendelee kudanganya watu."

Akasimama, akaingia ndani kuchukua mtandio, na kutoka humo akaniuliza kama basi la mchana la kwenda Tabora limeshapita.